Damu ya Konokono na Joto la Ruzizi

Vijana wa labo, mlinifanyia sherehe ya kuniaga, mkakata keki, mkasema maneno mazuri mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama kuna jeneza. Kisha mkaniomba niwaachie maandishi. Haya basi. Nimekaa barazani kwangu hapa Bukavu, redio nimeizima, chai iko karibu. Nitajaribu Kiswahili cha vitabu. Kikinishinda nitaingiza cha kwetu, na asiyekipenda aende akafuge sungura.

Habari za vyeo hamtazikuta humu. Vyeo vyangu mlivisoma mlangoni kila asubuhi, na habari za mshahara mnazijua. Nitasema juu ya konokono, juu ya walionifundisha, na juu ya kesi moja iliyoninyima usingizi.

Mimi ni mtoto wa Nyangezi. Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, kwa sababu nilikuwa na licence, yaani shahada, ya biolojia na nilidhani licence inavaliwa hivyo. Aliyenipokea ni muzee Déo, mkuu wa chumba cha konokono, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi hata mvua ikinyesha. Alitazama viatu vyangu, akanipa bottes za plastiki, buti za kuingilia matopeni. Tukaenda Mudaka, kwenye bwawa la samaki la mkulima mmoja, tukashinda kwenye matope tukiokota konokono wadogo, bapa, waliojikunja kama kifungo cha koti.

Nilikuwa nimechoka na nimekasirika. Nikamuuliza, "Papa Déo, iko nini ya maana mu kadudu kama aka?"

"Aka njo nyumba ya bilharziose," alijibu. "Mwenye nyumba akikatala mupangaji, mupangaji atalala wapi? Anakufa."

Kwa wale watakaosoma na hawajawahi kuingia labo yetu, nieleze. Bilharziose, ambayo wengine wanaiita kichocho, inaanzia kwa mtu kujisaidia majini. Mayai yaliyo katika choo chake yanapasuka, kinatoka kidudu kinachoogelea kumtafuta konokono. Kikimpata kinaingia mwilini mwake, kinazaana humo, na baada ya muda watoto wake wanatoka na mikia, kwa wingi usiohesabika. Hao wanatoboa ngozi ya mtu yeyote aliye majini. Tumbo la mtoto linavimba, damu inaonekana chooni, ini linaharibika. Dawa ipo na inaponya. Lakini mtoto aliyepona akirudi kwenye maji yaleyale, ugonjwa unarudi naye nyumbani.

Sasa wale konokono wa bwawa la Mudaka walikuwa wenye nyumba wakali. Tuliwapa vidudu, na vidudu vilikufa ndani yao. Muzee Déo alitaka kujua kwa nini, na mimi nilipewa kazi ya kumsaidia kujua. Nilianza kwa kujifunza kutoa damu. Nilishika sindano. Akanipokonya.

"Usimuchome. Umusalimie tu."

Akachukua pipette, kile kijibomba cha kunyonyea matone, akamgusa konokono mguuni polepole. Yule akashtuka, akajivuta ndani ya ganda lake, na mdomoni mwa ganda likabaki tone moja la damu. Jekundu! Niliruka. Nilifikiri damu nyekundu ni yetu sisi na ng'ombe. Muzee Déo akacheka mpaka akavua miwani. Tangu siku ile nimesalimia konokono wengi kuliko watu, na wengi wao walinijibu vizuri kuliko watu.

Ili nielewe ninachokitazama, wakubwa walinituma stage, mafunzo ya kazi, Muanda, kule nchi yetu inakoichungulia bahari kupitia kipande kidogo cha pwani. Huko nilifundishwa na tonton Mavungu, fundi wa labo aliyekulia kwenye mikoko, aliyekuwa akiwapenda chaza kiasi kwamba hakuwala. Chaza ni wale ambao kwenye hoteli mnaandikiwa huîtres. Wanashikamana na mizizi ya mikoko, na hapo walipojishika ndipo watakapofia.

Chaza ndiye aliyenifungua macho. Fikirini: anakaa mahali pamoja maisha yake yote, anakunywa bahari pamoja na uchafu wake, hana mguu wa kukimbilia. Na hana ile damu yetu yenye kumbukumbu, inayoitambua surua ya utotoni mpaka uzeeni. Ndiyo maana huwezi kumchanja. Alichonacho alizaliwa nacho: ganda la kufunga mlango, ute wa kumnasa mgeni, maji ya damu yenye sumu za kuua vijidudu, na chembe za damu ambazo ni askari, wafagiaji na wazikaji, kazi zote tatu bila likizo.

Tonton Mavungu alikuwa anatumia tupa kulitoboa ganda pembeni, kidogo tu, kisha anaingiza sindano kwenye ule msuli unaofunga mlango. Damu ya chaza haina rangi, unaweza kudhani ni maji. Tunaweka tone kwenye kioo, tunangoja chembe zitulie, halafu tunazipa chakula: hamira, levure ileile ya mkate, iliyotiwa rangi ili ionekane. Rangi yenyewe inaitwa Rouge Congo, nyekundu ya Kongo. Jina hilo sikulipanga mimi. Unachungulia kwenye microscope, unaona chembe inanyoosha mkono, inaikumbatia ile punje nyekundu, inaimeza.

"Tala, mama, tala! Azolia ye!" tonton Mavungu alipiga kelele, yaani tazama, anamla! Alikuwa ameona jambo lile mwaka hadi mwaka, na bado alishangilia kama ni goli.

Alinifundisha maneno mawili ambayo nawaachia ninyi. La kwanza: usihesabu askari tu, angalia kama wanafanya kazi. Sisi Wakongomani tungepaswa kulijua hilo bila microscope. La pili: majira maji ya mikoko yanapopungua na kupata moto, chaza wanakufa wengi, ingawa askari wao wako palepale. Joto linawavunja nguvu. Niliandika yote mawili kichwani, nikarudi Bukavu.

Huku nyumbani levure ilikuwa shida, mpaka nikampata papa Cikuru, mwenye boulangerie, yaani kiwanda cha mikate, kule Kadutu, mtu mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Kila nikiishiwa nilikwenda kwake. Aliamini kwa muda mrefu kwamba napika keki kwa siri. Nilipomwambia levure yake inaliwa na damu ya konokono, alifanya ishara ya msalaba, lakini aliendelea kunipa.

Kazi ilitupa jibu. Kidudu kikiingia kwa konokono wa Mudaka, chembe za damu zinakuja, zinakizunguka, zinalala juu yake safu kwa safu, mpaka kinakufa ndani ya kaburi la askari hai. Kwa konokono wa kawaida, chembe zinapita karibu nacho kama watu waliogombana. Muzee Déo alipoliona kaburi lile mara ya kwanza alisema tu, "Mungu hakusahau hata aka." Alitutoka miaka michache baadaye. Nilimlilia sana, na sioni haya kusema kwamba namlilia mpaka leo. Chumba cha konokono kikabaki mikononi mwangu, na baadaye labo nzima.

Sasa ile kesi. Ni ya juzi tu, mwaka wangu wa mwisho kazini. Ukaja mradi. Wazo lilikuwa zuri: tuwazalishe konokono wa Mudaka kwa wingi, tuwashushe uwanda wa Ruzizi, kwenye mifereji ya mpunga chini ya Kamanyola, wazaane na wale wa huko, uzao wao ukatae ugonjwa. Mratibu wa mradi, coordonnateur wetu, alikuwa Monsieur Aristide, kijana msafi, mwenye adabu, anayeamini kila kitu kilichoandikwa kwenye projecteur. Kwenye mkutano alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mpango ulisema jambo moja wazi: hakuna konokono atakayeshuka bila neno la mkuu wa labo. Mkuu wa labo ni mimi.

Watu wa uwanda walikuwa wamekwisha kuambiwa, hata habari za camion, lori la konokono, na za caméra za bailleurs, wale wafadhili. Akapanda mpaka Bukavu mama mmoja, maman Zawadi, kiongozi wa wanawake wa mpunga, pamoja na binti yake Neema. Mtoto alikuwa na mikono miembamba na tumbo lililotangulia mbele. Alikuwa ametibiwa, akapona, akaugua tena, akatibiwa tena.

"Maman Docteur, banasema muko na konokono ya kushinda bugonjwa," maman Zawadi aliniambia. "Mutatuletea lini? Siye tunaingiaka mu ile maji kila siku. Hatuna ingine."

"Bado tunaangalia, maman."

"Munaangalia nini tena? Mutoto njo huyu, umuangalie."

Nilimwangalia. Hapo ndipo usingizi wangu ulipokwisha, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi ambao sikuwa nimeusema kwa mtu.

Wasiwasi wenyewe ulitoka Nyangezi. Kwetu, kila mtu anajua kwamba mtu wa mlimani akishuka Ruzizi kufanya biashara, anarudi amefunikwa blanketi, anatetemeka. Mlimani alikuwa na nguvu kama ng'ombe. Bondeni malaria inamwangusha wiki ya kwanza. Sisi watu wa juu tunalisema hilo juu ya watu kila siku, na hakuna aliyelisema juu ya konokono. Miaka yote tulikuwa tumewajaribu hapa Bukavu, kwenye baridi yetu, na mabomba yetu ya maji baridi. Na nilikumbuka chaza wa Muanda. Nikajiuliza: hawa wenye nyumba wakali, wakipata joto, wataendelea kukatala mpangaji?

Kwa kulipima jambo hilo nilihitaji maji ya moto kiasi, mchana na usiku, wiki kwa wiki. Courant ya Bukavu, umeme wetu, mnaijua. Inakuja kama mgeni wa heshima, haikai. Nikafikiria ni wapi mjini hapa pana joto lisilotegemea courant. Nikabeba ndoo zangu zenye vifuniko, nikaenda Kadutu.

Papa Cikuru alinitazama na zile ndoo. "Maman Docteur, leo umeniletea nini?"

"Wapangaji. Nataka kona moja ya kile chumba unachoumulia mkate."

"Konokono? Mu boulangerie?" Alishika kichwa. "Maman, banunuzi bataona mukate inatembea!"

"Papa Cikuru, ndoo zina kifuniko, na kifuniko kina kufuli. Na kile kidudu hakiwezi kutoka kwa konokono kabla ya wiki nyingi. Nitawaondoa mapema sana. Mimi mwenyewe nakula mkate wako kila asubuhi, unafikiri nataka kujiua?"

Alifikiri. Mwishowe akasema, "Kama ni ju ya batoto, weka. Lakini usiseme kwa mutu."

Sasa nimesema, papa, unisamehe. Mkate wako ulikuwa salama.

Nifupishe ufundi. Konokono wa tumbo moja niliwagawa mafungu mawili. Fungu moja lilibaki labo kwenye baridi, jingine likaishi kwa papa Cikuru mpaka likazoea joto. Nikawapa wote vidudu siku moja labo, wale wa joto nikiwapashia maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mayai ya vidudu tuliyatoa kwenye choo cha wagonjwa. Ndiyo, vijana, sayansi inanuka, na atakayewaambia kinyume hajawahi kuifanya. Kisha wa joto walirudi boulangerie, na kabla ya wakati wa kutoa watoto niliwaleta tena labo, kwenye mabeseni niliyoyapasha mwenyewe.

Baadhi niliwapasua kuangalia ndani. Wa baridi: kaburi la askari, kama siku zote. Wa joto: chembe zilikuwepo, nyingi tu, hata nilianza kufurahi. Halafu nikaona zimelegea. Zinakigusa kidudu, zinaachia. Kidudu kilikuwa kinakua katikati yao bila kusumbuliwa. Nikalia. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa sahihi na sikutaka kuwa sahihi.

Nikampigia Monsieur Aristide. Akaja mbio.

"Maman Docteur, camion iko tayari. Bailleurs banakuja na caméra."

"Basi bapige picha ya camion."

"Pengine kosa ni ya boulangerie. Labda unga..."

"Mwanangu, kaa. Angalia." Nikamsogezea microscope. Aliangalia muda mrefu. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tukiwapeleka..."

"Tutakuwa tumewaongezea nyumba za kupanga. Maji ya mfereji mchana yana joto kama la kile chumba cha mkate."

"Na bale batu, tutabaambia nini?"

"Mimi nitashuka kuwaambia. Wewe nipe gari."

Tulishuka kwa barabara ya Ngomo, mlima kushoto, shimo kulia, mimi nikishika rozari mkono mmoja na bocal ya kioo mkono mwingine, ile kubwa ya mayonnaise, imefungwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na konokono wa Mudaka waliopita kwenye joto. Kamanyola joto likatupokea, koti langu likawa mzigo.

Maman Zawadi alikuwa amewakusanya wanawake wa mpunga uani kwake. Walikuwa wamefagia. Walianza kuimba waliponiona nashuka na bocal, maana walifikiri ndio wale konokono wamefika. Niliinua mkono, wakanyamaza.

"Wamama, konokono hawatakuja," nikasema.

Kelele ikatokea. Maman Zawadi akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Kwa nini? Tulisema nini mubaya? Ao ni ju tuko batu ya bonde? Bitu bizuri binabakiaka Bukavu?"

"Hapana, maman. Nipe muda kidogo wa jua. Mtajionea wenyewe, na baadaye unitukane utakavyo."

Nikaweka bocal juu ya meza, juani. Konokono wenye ugonjwa wakipata mwanga wanatoa watoto. Wanawake walikaa kuizunguka meza, wamenuna. Tulingoja. Jikoni karibu nasi sufuria kubwa ya maji ya bugali ilikuwa inaanza kulia motoni. Jua likapanda. Halafu mama mmoja aliyekuwa karibu akainama, akasema, "Kunatoka vumbi."

Ilikuwa kama vumbi la unga ndani ya maji, lakini lilikuwa linatembea. Nikapitisha loupe yangu, kioo cha kukuzia, mkono kwa mkono. Kila aliyetazama aliona mikia.

"Hao ndio wanaoingia kwenye ngozi za watoto," nikawaambia. "Wametoka kwa konokono wetu wazuri. Mlimani wanakatala ugonjwa. Kwenye joto kama la hapa, wanaupokea. Ningewaletea, ningewaongezea ugonjwa."

Maman Zawadi alishika loupe muda mrefu kuliko wote. Kisha akaiweka chini, akanitazama usoni.

"Weye mwenyewe, unaweza tia mukono mule ndani?"

Wanawake wote walitazama mikono yangu.

"Hapana, maman. Siwezi."

Maman Zawadi akamvuta Neema kwa bega, akamweka nyuma yake, mbali na meza. "Basi ile camion isishuke," alisema. "Hata bakuje na caméra." Halafu akauliza, "Hii inauliwa na nini?"

"Maji ya moto yanatosha."

Akaenda jikoni, akaipua ile sufuria kwa kanga yake, akaniambia niweke bocal ndani ya beseni na nifungue. Akamwaga maji yote, mpaka tone la mwisho, polepole, kama mtu anayezima moto wa nyumba. Vumbi likasimama.

Bugali ya mchana ikawa haina maji. Neema, ambaye hakuna aliyekuwa amemtuma, alichukua ndoo akaanza kuelekea mferejini kuchota mengine, kama alivyofanya kila siku.

"Neema! Rudi!" mama yake alipiga kelele, na sauti ile nilikuwa sijaisikia kwake. Mtoto akasimama katikati ya njia, ndoo mkononi, hajui amekosa nini.

Maman Zawadi akanigeukia.

"Sasa, Maman Docteur, maji ya bugali tutatoa wapi? Tuanzie pale."